Jina Linapopanda Ulingoni: Utangulizi kuhusu mastaa na vipaji katika MMA

Usiku wa tarehe 10 Septemba 2016, mjini Cleveland, Marekani, Phil Brooks alilipwa dola 500,000 kwa pambano la dakika mbili na sekunde 14, na akalipoteza. Mashabiki wa mieleka ya televisheni walimjua kwa jina la CM Punk. Kwa nguvu ya jina hilo kampuni ya UFC ilimsajili mwishoni mwa mwaka 2014, ingawa hakuwa amewahi kupigana hata pambano moja la ridhaa katika MMA, yaani mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, viwiko, kuangushana na kukabana mkiwa chini. Alipopanda alikuwa na miaka 37. Mpinzani wake, Mickey Gall, kijana wa New Jersey mwenye mapambano mawili tu ya kulipwa, alimwangusha pambano lilipoanza tu, akamshushia ngumi, akampanda mgongoni na kumpiga kabali hadi akagonga kusalimu amri.

Wengi walicheka. Wapiganaji waliokuwa wamekaa miaka mingi katika kumbi ndogo wakisubiri simu ya UFC walikasirika, na walikuwa na haki. Naomba tuyaache yote mawili kwa muda, tumwangalie Gall. Alipopewa maikrofoni, kabla hata jasho halijakauka, alimtaka Sage Northcutt, chipukizi mwingine ambaye kampuni ilikuwa inamnadi kwa bidii. Desemba mwaka huohuo akapewa, naye akamkaba vilevile. Ndani ya miezi mitatu hivi mtu asiyejulikana amekuwa na uwezo wa kuchagua mpinzani na kusikilizwa. Jina la Punk halikufia Cleveland. Lilihama, sehemu yake, likaingia kwa mtu mwingine. Baadaye Gall alipoteza mapambano kadhaa na jina lile likapungua thamani, na hilo nalo ni sehemu ya somo letu.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kutaka kusoma mambo haya huanza karibu wote na swali la haki: inakuwaje staa asiyejua kupigana alipwe kuliko anayejua? Ni swali zuri la kijiweni, na kijiweni litawafikisha alfajiri. Kitaaluma halitufikishi mbali, kwa sababu jibu lake ni fupi: analipwa kwa kuwa watu wanalipa kumwona. Swali lenye rutuba zaidi ni lile la Gall. Pambano likiisha, jina huhamia kwa nani? Nani aliandaliwa kulipokea, na nani alikuwa amesimama tu karibu? Nitakuingiza katika uwanja huu kwa mlango huo, msomaji, na kukuonyesha jinsi swali hilo linavyounganisha mambo mawili ambayo waandishi wengi huyatenga, yaani usajili wa mastaa na ulezi wa vipaji.

Uwanja wenyewe hauna idara yake chuoni wala jina lililokubalika. Wanauchumi huuingia kupitia nadharia za ustaa, wanasheria kupitia mikataba na kesi za ushindani wa biashara, wanasosholojia kupitia jimu, na wanahistoria kupitia mapambano ya Tokyo. Kila kundi limeshika swali lake na mara nyingi halisomi kazi za jirani. Usiogope hali hiyo. Kwa mgeni ni nafuu, maana hakuna mlinzi mmoja wa lango.

Msomaji wa Kiswahili anaingia humu na faida ambayo pia ni hasara. Amekulia kurasa za michezo zinazohesabu madau ya Simba na Yanga, anajua dirisha la usajili linavyochemka, anajua kwamba klabu inaweza kumleta mchezaji ili kujaza uwanja na kuuza jezi. Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba mfumo wa mpira utampotosha. Katika soka, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya fedha za uhamisho zigawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, na kuna fidia nyingine ya mafunzo juu yake. Mlezi ana hati. Katika MMA hakuna klabu wala uhamisho. Mpiganaji husaini mwenyewe kama mkandarasi binafsi, anajilipia kambi, na kocha wake hupata asilimia ya malipo, mara nyingi 10, kwa makubaliano ya wawili hao. Promosheni ndogo iliyompa mapambano yake kumi ya mwanzo haipati senti siku kampuni kubwa inapompigia simu. Cage Warriors ya Uingereza na Ireland ilimvika Conor McGregor mikanda miwili mwaka 2012. Mwaka uliofuata alikuwa UFC, na kilichobaki kwa Cage Warriors ni haki ya kusema alipita hapa.

Kwa hiyo unapolinganisha kampuni mbili za MMA, usiulize kwanza ipi ina mastaa wengi. Uliza nani alibeba gharama ya kuwalea, na kama alirudishiwa chochote.

Nadharia tunazohitaji ni chache. Mwaka 1964 mwanauchumi Walter Neale alitazama masumbwi na kuona ajabu moja: mwenye duka angefurahi washindani wake wote wafilisike, lakini bingwa asiye na mpinzani wa maana hana cha kuuza. Joe Louis alimhitaji Max Schmeling. Alikuwa amepigwa na Schmeling mwaka 1936, na kwa sababu hiyo marudiano ya mwaka 1938, ambayo Louis aliyamaliza katika raundi ya kwanza, yakawa tukio la dunia. Yeyote anayemkumbuka bondia Hassan Mwakinyo akimsimamisha Sam Eggington mjini Birmingham Septemba 2018, raundi ya pili, nyumbani kwa Waingereza, anajua ukubwa wa mpinzani unavyoweza kugeuka kuwa mali ya mgeni kwa usiku mmoja.

Kisha kuna ubishi wa wanauchumi Rosen na Adler, ambao naupenda kuliko mwingine wowote katika fani hii. Mwaka 1981 Sherwin Rosen alieleza kwa nini tofauti ndogo ya kipaji huzaa tofauti kubwa ya kipato: teknolojia ikimwezesha mtu mmoja kuwafikia mamilioni kwa gharama ileile, wote watamkimbilia aliye bora kidogo kuliko wenzake. Miaka minne baadaye Moshe Adler akajibu kwamba hata tofauti hiyo ndogo haihitajiki. Watu humfuata staa ambaye wenzao wanamfuata, kwa sababu sehemu ya raha yake ni kupata wa kuzungumza naye habari zake. Anayekumbuka tambo za bondia Karim Mandonga na ngumi yake ya Sugunyo, na jinsi mashabiki walivyozijadili, hahitaji kuelezwa zaidi.

Mahali pengi staa wa Adler yuko salama. Mwimbaji wa kawaida anaweza kuishi kwa umaarufu wake miaka 20 bila mtu kumthibitishia kwamba sauti yake ni ya kawaida. Akisajiliwa kupigana, kipaji chake hupimwa hadharani, kwa saa, na mtu anayetaka kumdhuru. Ndiyo maana nasema MMA ni maabara ambayo wanauchumi wa ustaa hawajaitumia vya kutosha.

Historia yenyewe ni ndefu kuliko UFC, iliyoanza Denver Novemba 1993. Juni 1976 Muhammad Ali alipambana na mwanamieleka Antonio Inoki katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Kwa sehemu kubwa ya raundi 15 Inoki alijilaza chali akimpiga Ali mateke ya miguu, na majaji wakatoa sare. Pambano lilichusha, lakini lilionyesha kwamba majina mawili makubwa yakikutana bila kanuni zinazoeleweka, hakuna anayeshinda jina la mwenzake.

Somo la Japani lililo zito zaidi lilikuja tarehe 11 Oktoba 1997, katika Tokyo Dome, onyesho la kwanza la kampuni ya PRIDE. Nobuhiko Takada alikuwa staa wa mieleka ya maonyesho, mtu ambaye mashabiki wake waliamini kwa dhati kwamba anaweza kupigana kweli. Rickson Gracie, Mbrazili wa ukoo wa jiu-jitsu, alimkunja mkono kabla dakika tano hazijatimia. Mwaka mmoja baadaye wakarudiana na Takada akakunjwa mkono tena. Ukiishia hapo utaandika kwamba usajili wa staa uliiaibisha kampuni. Usiishie hapo. Katika kambi ya Takada alikuwapo mdogo wake kikazi, Kazushi Sakuraba, mwanamieleka asiye na umbo la kutisha wala jina. Desemba ya mwaka uleule wa 1997 alishinda mashindano ya UFC yaliyofanyika Japani kwa kumkunja mkono Mbrazili mzito kuliko yeye. Akaanza kuwafuata akina Gracie mmojammoja: Royler mwaka 1999, Royce mwezi Mei 2000 katika pambano la dakika 90, Renzo mwezi Agosti. Sakuraba ndiye aliyeifanya PRIDE kuwa PRIDE.

Sasa jiulize kama Sakuraba angekuwapo bila Takada. Staa aliyeshindwa ndiye aliyevuta umati, aliyeweka kiu ya kisasi, na ambaye kambi yake ilimlisha kijana aliyekuja kuikata kiu hiyo. Sidai kwamba wakubwa wa PRIDE walipanga hivyo; nadhani ilitokea tu. Lakini kwa mtafiti, Takada na Sakuraba ndio mfano kamili wa jina lililopata njia ya kupita, na ningependa kila mwanafunzi aanze nao kabla hajafungua jedwali lolote la mapato.

Mfano wa kinyume ni kampuni ya EliteXC. Kevin Ferguson, mzaliwa wa Bahamas aliyekulia Florida, alijulikana duniani kama Kimbo Slice kwa video za mapigano ya uani zilizosambaa kwenye intaneti. Tarehe 31 Mei 2008 kituo cha CBS kilirusha MMA katika saa za watazamaji wengi, jambo ambalo televisheni za kitaifa za Marekani hazikuwa zimewahi kulifanya, na Kimbo ndiye aliyewekwa pambano kuu. Alishinda kwa tabu. Katika onyesho hilohilo walikuwapo Gina Carano na Robbie Lawler, yule ambaye miaka sita baadaye angekuwa bingwa wa UFC. Vipaji vilikuwapo, tena vizuri. Kampuni iliamua kumtundikia mtu mmoja kila kitu.

Oktoba 4 mwaka huo Kimbo alipangiwa Ken Shamrock, mkongwe aliyekwisha kuchoka. Shamrock akachanika karibu na jicho siku yenyewe ya pambano. Seth Petruzelli, aliyekuwa amepangwa mapambano ya utangulizi, akapandishwa saa za mwisho. Sekunde 14 baadaye Kimbo alikuwa chini na refa amesimamisha. Kabla mwezi haujaisha EliteXC, ambayo tayari ilikuwa imelemewa na hasara, ilifunga milango. Petruzelli alipokea jina kubwa asilokuwa na mahali pa kulipeleka. Kampuni ambayo ingemuuza kama mtu aliyemwangusha Kimbo haikuwapo tena. Mwaka uliofuata UFC ilimchukua Kimbo huyohuyo, ikamweka katika kipindi chake cha The Ultimate Fighter, akapigwa na Roy Nelson, na Nelson akatoka pale ameshinda msimu mzima na kupata kazi ya miaka mingi. Mtu mmoja, kipigo kimoja kila upande, matokeo mawili tofauti kabisa.

Hapa ndipo mjadala wa wataalamu unapochacha, kwa sababu neno "staa" linafunika watu wasiofanana. Brock Lesnar alifika UFC mwaka 2008 akiwa na jina la mieleka ya televisheni ya WWE, na wachambuzi wengi walimweka fungu moja na mastaa wa maonyesho. Lakini mwaka 2000 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika mieleka ya kweli, uzito wa juu. Frank Mir alimfunga goti katika dakika moja na nusu. Ukiitazama tena dakika hiyo utaona Lesnar ndiye aliyekuwa juu, akishusha ngumi, na kosa lake lilikuwa la mtu asiyejua mitego ya chini. Mnamo Novemba mwaka huohuo alimnyang'anya Randy Couture mkanda. Onyesho la UFC 100 la Julai 2009, aliporudiana na Mir na kumpiga, linatajwa kuuzwa kwa watazamaji wa kulipia karibu milioni 1.6. Cain Velasquez alipomwondoa Oktoba 2010, alirithi mkanda pamoja na macho ya watu, na mwaka uliofuata UFC ilipoingia kituo cha Fox kwa mara ya kwanza, ni Velasquez iliyemweka mbele. Dakika moja na sekunde nne, Junior dos Santos akavichukua vyote.

Msingi wa mtu, basi, ni muhimu kuliko fungu la umaarufu wake. James Toney, bingwa wa masumbwi katika mizani tatu, alipanda dhidi ya Couture mwaka 2010 na akaangushwa karibu papo hapo. Bondia anahitaji pambano libaki wima, na mpinzani asipokubali, ngumi zake hazina pa kutua. Mwanamieleka na mwanajudo huamua wenyewe pambano lifanyike wapi. Kanuni hii ina mipaka, lakini mwanafunzi akiishika mapema ataokoa muda mwingi.

Kampuni ya PFL imetupa jozi ya mifano ambayo ni kama imeandaliwa kwa ajili ya darasa. Claressa Shields na Kayla Harrison wote ni Wamarekani, wote wana dhahabu za Olimpiki za 2012 na 2016, mmoja masumbwi, mwingine judo. Shields alianza MMA Juni 2021 dhidi ya Brittney Elkin, akalazwa chini sehemu kubwa ya raundi mbili, kisha akaibuka na kummaliza kwa ngumi katika ya tatu. Miezi minne baadaye akapoteza kwa Abigail Montes kwa kura za majaji zilizogawanyika. Akiwa wima alikuwa bondia wa kiwango cha dunia. Chini alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, naye alikuwa akijifunza mbele ya kamera huku bado akitetea mikanda yake ya masumbwi.

Harrison alilelewa polepole zaidi. Alianza 2018, akapanda na wapinzani ambao wakosoaji waliwaita dhaifu, akashinda misimu ya 2019 na 2021 na donge la dola milioni 1 kila mara. Nilikuwa miongoni mwa walioguna. Hata hivyo katika misimu ile alikuwapo Larissa Pacheco, Mbrazili aliyepigwa na Harrison mara mbili mwaka 2019. Novemba 2022 walikutana kwa mara ya tatu, katika fainali, na Pacheco akashinda. Mfumo wa misimu ulikuwa umemlea mpinzani pembeni ya staa, kwenye ratiba ileile, hadi akafikia kimo chake. Harrison alihamia UFC mwaka 2024, na Juni 2025 akamkunja mkono Julianna Peña na kutwaa mkanda. Ukiniuliza ni usajili gani wa staa umefanikiwa zaidi kimalezi katika miaka ya karibuni, nitakutajia huo, ingawa aliyevuna mwisho wake ni kampuni nyingine. Hapo unaona tena pengo la ile asilimia 5 ya FIFA.

Kuna pia chipukizi wanaogeuzwa mastaa kabla hawajaiva. Kampuni ya Bellator ilimsajili Aaron Pico mwaka 2014 akiwa na miaka 18, mwanamieleka hodari mwenye ngumi nzito, na kwa karibu miaka mitatu ilimtangaza bila yeye kupigana. Juni 2017 ikampandisha Madison Square Garden, New York. Zach Freeman alimmaliza katika sekunde 24. Kipaji kilikuwapo, na mapambano manne yaliyofuata alishinda yote kabla ya kengele ya mwisho. Lakini umaarufu uliotangulia ulimnyima kitu ambacho kila chipukizi anastahili, yaani usiku mbaya ambao hakuna aliyeuona.

Nani basi hulea? Tujihadhari kampuni zinapojisifu. Kwa sehemu kubwa promosheni huchagua, hailei. Ulezi hufanyika mahali ambapo kamera haziendi. Loïc Wacquant, mwanasosholojia wa Ufaransa aliyejiunga na jimu ya masumbwi katika mtaa wa Woodlawn, Chicago, mwaka 1988 na kufanya mazoezi humo kwa takriban miaka mitatu, alionyesha kwamba kile tunachokiita kipaji hujengwa kwa marudio ya kila siku, kwa pamoja, chini ya jicho la kocha asiyezungumza sana. Dagestan, nchini Urusi, inathibitisha: Abdulmanap Nurmagomedov alikuwa amefundisha kizazi kizima cha vijana, mwanawe Khabib akiwa mmoja wao, kabla UFC haijaweka mguu huko. UFC ilifungua vituo vyake vya mazoezi na tiba Las Vegas mwaka 2017 na Shanghai mwaka 2019, na ni vizuri, ila wengi wanaovitumia wamekwisha kuumbwa kwingine.

Kile ambacho kampuni hufanya kwa ustadi ni kutengeneza majina. Mwanzoni mwa 2005 wamiliki wa UFC, walioinunua miaka minne kabla kwa dola milioni 2 na tangu hapo wakawa wanapoteza fedha, walijigharimia kipindi cha The Ultimate Fighter: vijana wamefungiwa nyumba moja, wanafanya mazoezi, wanagombana, wanapigana. Fainali ya Aprili 9 kati ya Forrest Griffin na Stephan Bonnar iliwashika watazamaji kiasi kwamba wote wawili walipewa mikataba. Tangu hapo kampuni ilijua kwamba jina linaweza kupandwa badala ya kununuliwa, tena kwa bei nafuu. Contender Series, iliyoanza Julai 2017, ilipunguza gharama zaidi: pambano moja, usiku mmoja, na bosi wa UFC, Dana White, anatangaza mwishoni nani amepata mkataba. Sean O'Malley alipita humo mwaka wa kwanza, na Agosti 2023 akawa bingwa. Dosari yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mkataba hutolewa kwa namna ulivyoshinda kuliko kwa kushinda. Vijana hujifunza kupendeza mbele ya bosi, na wengine husahau kuinua mikono.

Suala la malipo lina maandishi mengi kuliko mengine, kwa sababu ya mahakama. Mwaka 2014 wapiganaji kadhaa, Cung Le akiwa wa kwanza katika orodha ya majina, waliishtaki kampuni mama ya UFC kwa kuhodhi soko. Nyaraka za kesi zilianika kilichokuwa siri: sehemu iliyokwenda kwa wapiganaji ilikuwa karibu asilimia 20 ya mapato, wakati katika ligi kubwa za Marekani zenye vyama vya wachezaji ni karibu nusu. Mwaka 2024 jaji alikataa suluhu ya kwanza ya dola milioni 335. Ile ya milioni 375 ilipitishwa mapema mwaka 2025. Hasira za wapiganaji dhidi ya CM Punk zina mzizi hapa. Kapu likiwa dogo, kila jina linaloletwa kutoka nje huonekana limekula cha mtu fulani, hata pale linapoongeza watazamaji.

Kwa upande wa Afrika uwanja uko wazi kabisa. Kamaru Usman alizaliwa Nigeria akakulia Marekani, Israel Adesanya alizaliwa Lagos akaiva jimu ya Auckland chini ya kocha Eugene Bareman, Francis Ngannou alitoka machimbo ya mchanga ya Batié, Kamerun, akavuka Sahara na kufika Paris kabla hajajifunza mchezo. Dricus du Plessis wa Pretoria alilelewa nyumbani, katika promosheni ya EFC ya Afrika Kusini, akawa bingwa wa UFC Januari 2024. Maneno makali kati yake na Adesanya kuhusu nani ni bingwa wa kweli wa Afrika yaliwaudhi wengi. Ndani ya ugomvi ule kulikuwa na swali letu: kipaji ni cha mahali kilipozaliwa au cha mahali kilipolelewa?

Ngannou ndiye anayenivutia zaidi kama msomi. Aliacha mkanda wa UFC Januari 2023 kwa kutokubaliana juu ya mkataba, akasaini PFL Mei mwaka huo, na akasema hadharani kwamba mkataba wake ulimhakikishia mpinzani wake dola zisizopungua milioni 2. Simfahamu staa mwingine aliyeandikisha, kwa hati, njia ya jina lake kumfaidi anayesimama mbele yake. Alipewa pia uenyekiti wa PFL Africa, ambayo ilianza maonyesho Cape Town Julai 2025 na kufika Kigali Oktoba mwaka huo. Vijana wa judo, masumbwi na mieleka kutoka nchi zetu sasa wana jukwaa wanaloweza kulifikia kwa basi. Kama kocha wao naye atakuwa na hati, ni jambo la kufuatiliwa tangu mkataba wa kwanza, na mtu wa kulifuatilia angefaa awe anajua Kinyarwanda na Kiswahili kuliko mtu wa Las Vegas.

Kuhusu vyanzo, neno la tahadhari tu. Malipo yaliyotangazwa na tume za majimbo ya Marekani yanaaminika, lakini hayana bonasi za siri wala mgao wa mauzo. Idadi za watazamaji wa kulipia hutolewa na kampuni zenyewe au hukisiwa na waandishi. Zitumie kwa ukubwa wake, usizitumie kwa tarakimu ya mwisho. Nyaraka za mahakama ni dhahabu, na hazisomwi vya kutosha kwa sababu ni ndefu. Video za mapambano nazo ni chanzo, na wasomi wenzangu wengi huzikwepa kana kwamba kutazama si kazi.

Ukitaka zoezi la kuanzia, chukua onyesho moja lenye staa na uandike majina ya wote waliopigana usiku ule, kuanzia pambano la kwanza la utangulizi. Fuatilia kila mmoja kwa miaka miwili mbele: alipigana wapi, dhidi ya nani, nafasi gani katika ratiba. Utaona nani alipandishwa ngazi na jina la staa na nani aliachwa palepale. Na kabla ya majedwali, tazama pambano la Shields na Elkin lote. Watu hukuonyesha ile raundi ya tatu tu. Usiruke zile mbili za mwanzo.